Dawa ya Nani, Sumu ya Nani?

Kiswahili hakina haraka ya kutenganisha dawa na sumu. Dukani tunaomba dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya, na muuzaji wala hashtuki. Dawa ya meno hulinda meno. Dawa ya panya humuua panya. Kisarufi hakuna tofauti: ile "ya" iliyokaa katikati haisemi kama kinachofuata kitatunzwa au kitaangamizwa. Tunajua wenyewe, kwa sababu tunajua kipi tunakitakia heri na kipi tunakitakia kifo.

Nimekuwa nikilizungusha neno hili kichwani tangu niliposoma makala fupi ya kisayansi iliyotoka Machi 2022 katika jarida la Nature Machine Intelligence. Waandishi wake ni wanne: Fabio Urbina, Filippa Lentzos, Cédric Invernizzi na Sean Ekins. Ekins anaongoza kampuni ndogo iitwayo Collaborations Pharmaceuticals, iliyoko Raleigh, North Carolina, Marekani. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kutafuta dawa kwa kompyuta, na kwa miaka mingi amejishughulisha na magonjwa ambayo kampuni kubwa huyapa kisogo: kifua kikuu, Ebola, ugonjwa wa Chagas unaowatesa watu wa Amerika ya Kusini. Kwa maneno mengine, huyu ni mtu ambaye sisi huku tungependa awepo. Na ni yeye na wenzake waliofanya jaribio lililonikosesha amani.

Kabla ya kufika huko, tuelewane kwanza kazi hii inafanywaje, maana msomaji wa riwaya na mashairi anaweza kuielewa haraka kuliko anavyodhani. Wanakemia wana njia ya kuandika molekuli kwa herufi za kawaida, katika mstari mmoja, kama neno. Pombe iliyomo ndani ya bia, ndani ya gongo na ndani ya spiriti ya hospitali huandikwa CCO: kaboni, kaboni, oksijeni. Basi. Molekuli kubwa zina maneno marefu zaidi, yenye mabano na tarakimu, lakini kanuni ni ileile. Kuna herufi, kuna sarufi, kuna maneno yanayowezekana na yasiyowezekana. Ukiipa kompyuta maneno ya aina hiyo kwa wingi, inajifunza sarufi yake, kisha inaanza kutunga ya kwake. Inatunga molekuli ambazo pengine hakuna mtu aliyewahi kuziona.

Tatizo si kutunga. Wataalamu hukadiria kwamba molekuli ndogo zinazowezekana, zile zenye ukubwa wa kufaa kuwa dawa, ni nyingi kiasi cha 1 ikifuatwa na sifuri 60. Hakuna maabara itakayozipima hata sehemu ndogo yake. Kwa hiyo panahitajika wa kuchagua, na kuchagua hufanywa kwa maksi. Molekuli ikionekana itakidhuru kimelea, inaongezewa maksi. Ikionekana itamdhuru mgonjwa, inapunguziwa. Zenye maksi za juu ndizo zinazopelekwa maabara, zikapimwe kwa mikono ya watu, kwenye seli, kisha kwa wanyama, na baada ya miaka mingi, zikibahatika, kwa binadamu.

Njia hii si ndoto. Mwaka 2015 Ekins na wenzake walichapisha matokeo ya kompyuta waliyoifundisha kwa taarifa za kemikali zilizokwisha kupimwa dhidi ya virusi vya Ebola. Miongoni mwa molekuli ilizozipendekeza ilikuwemo pyronaridine, dawa ya malaria iliyotengenezwa China. Maabara ilithibitisha kwamba ilivizuia virusi hivyo ndani ya seli, na baadaye ikaonekana kuwakinga panya. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT waliifundisha kompyuta kwa molekuli zaidi ya 2,000, kisha wakaiacha ipekue maktaba ya molekuli zilizokwisha kufanyiwa utafiti. Ikaibuka na moja iliyowahi kuchunguzwa kwa ajili ya kisukari. Ilipopimwa, iliua bakteria kadhaa sugu. Wakaiita halicin. Mpaka leo naandika, si dawa unayoweza kuandikiwa hospitali, na safari ya kufika huko ni ndefu. Lakini kilichoonekana kilionekana.

Sasa turudi kwa Ekins. Maabara ya Spiez, taasisi ya serikali ya Uswisi inayoshughulika na kinga dhidi ya silaha za nyuklia, za kibiolojia na za kemikali, huandaa mkutano wa kutazama jinsi teknolojia mpya zinavyoweza kutumiwa vibaya. Kampuni ya Ekins ikaalikwa ieleze kuhusu utafutaji wa dawa kwa kompyuta. Waandishi wanakiri katika makala yao kwamba hawakuwa wamewahi kulifikiria jambo hilo kwa uzito. Miaka yote walikuwa wakiitumia kompyuta kuikwepa sumu. Wakaamua kujaribu. Badiliko kuu lilikuwa hili: pale ambapo sumu ilikuwa ikipunguziwa maksi, wakaielekeza mashine iiongezee. Kutoa kukawa kujumlisha.

Wakaiacha ifanye kazi kwenye seva yao ya kawaida. Katika muda usiofika saa 6, ilikuwa imetunga molekuli 40,000 zilizovuka kiwango walichokiweka. Miongoni mwake ilikuwemo VX, sumu ya neva ambayo chembe chache zenye ukubwa wa punje za chumvi zinatosha kumuua mtu mzima, ileile iliyotumika kumuua Kim Jong-nam katika uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur mwaka 2017. VX haikuwemo katika data waliyoifundishia mashine. Iliitunga hata hivyo. Na zilikuwemo nyingine mpya ambazo kwa makadirio ya mashine ni kali kuliko VX. Hawakutengeneza hata moja. Zilibaki maneno kwenye kompyuta. Lakini maneno, wasomaji wa blogu hii wanajua, ni mwanzo wa mengi.

Swali ambalo kila mtu huuliza baada ya kusikia kisa hiki ni hili: je, elimu kama hiyo si ingefaa ifichwe? Au isitafutwe kabisa? Ni swali la haki. Nami nimejaribu kulijibu ndiyo, nikashindwa, kwa sababu ya historia iliyopita jirani kabisa na sisi.

Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani Robert Koch, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alikuja Afrika Mashariki kutafuta tiba ya malale. Alipita Amani kule Usambara, akafika Mwanza, kisha akavuka hadi visiwa vya Ssese upande wa Uganda, ambako ugonjwa ulikuwa unamaliza watu vijiji kwa vijiji. Alikuja na dawa yenye arseniki ndani yake. Jina lake lilikuwa Atoxyl, maana yake, kwa lugha ya waliolitunga, isiyo na sumu. Wagonjwa wengi waliochomwa walionekana kupata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza dozi. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, na upofu huo haukuondoka.

Hebu fikiri kilichotokea pale. Swali la kama Atoxyl ni dawa au ni sumu halikuulizwa kwenye karatasi. Liliulizwa ndani ya macho ya watu wa Ssese, na jibu likatoka humo. Yule mvuvi ambaye hakuliona tena ziwa ndiye aliyekuwa kifaa cha kupimia.

Miaka hiyohiyo, upande wa kusini wa koloni la Wajerumani, watu walikuwa wamepewa dawa nyingine. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ambayo yangezigeuza risasi kuwa maji. Risasi hazikugeuka. Tumekuzwa kuiona dawa ya Kinjekitile kama imani na ya Koch kama sayansi, na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, imetufundisha kuyauliza yale maji maswali magumu. Atoxyl nayo inastahili maswali yaleyale: aliyeitoa aliahidi nini, alijua nini, na kosa lilipotokea nani alilibeba mwilini?

Lakini kuna tofauti moja ambayo sitaki kuificha. Upofu wa Ssese uliandikwa. Madaktari waliuandika, wengine wakausoma, na Atoxyl ikaachwa. Mwenzake Koch, Paul Ehrlich, alikuwa akichunguza jamii hiyohiyo ya kemikali za arseniki, akizibadili moja baada ya nyingine, mpaka ikapatikana ile namba 606, iliyoingia sokoni mwaka 1910 kwa jina la Salvarsan kutibu kaswende. Sayansi haikuwa safi kuliko imani. Ilichokuwa nacho ni daftari.

Na daftari hilo halikufungwa. Taarifa za sumu zinazofundishiwa kompyuta leo zinatoka kwenye madaftari ya namna hiyo: nyingi ni za panya waliokufa kwa dozi iliyoandikwa, nyingine za seli zilizokauka kwenye vibakuli vya maabara, nyingine za wagonjwa waliotapika, waliowashwa, walioharibika ini. Tunaziita data, neno jepesi kama karatasi. Lakini kila mstari ni kiumbe kilichoumia ili mwingine asiumie. Mashine inayojua kwamba molekuli fulani itaharibu neva inajua hivyo kwa sababu kuna neva zilizokwisha kuharibika.

Ndiyo maana siwezi kusema elimu ya sumu ifichwe. Kompyuta isiyojua sumu ingetuletea dawa za kubahatisha, na kubahatisha huko kungekuja kufanyiwa kazi kwenye miili, na tunajua ni miili ya akina nani hutangulizwa. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Elimu ya sumu ndiyo inayomkinga mgonjwa. Ubaya wa jaribio la Raleigh hauko katika kujua. Uko katika jinsi lilivyotuonyesha kwamba kati ya kumlinda mgonjwa na kumuua kuna alama moja tu, na alama hiyo haikai ndani ya mashine. Inakaa mkononi mwa mtu.

Hapa wengi huishia, wakisema "teknolojia ni kama kisu, inategemea mshikaji," kisha wakaenda kulala. Mimi sioni kama tumefika. Kisu hakikuulizi unataka kumkata nani kabla hujakishika. Programu ya kutafuta dawa inakuuliza. Haiwezi hata kuanza kabla hujaiambia kipi ni kizuri, kipi ni kibaya, na kwa nani. Maadili hayaji baadaye, dawa ikishapatikana. Yameandikwa kwenye mstari wa kwanza, pale mtu anapoandika maksi. Na aliyeandika maksi ameshaamua mambo ambayo pengine hata yeye hakujua kwamba anaamua.

Chukua hilo la "kwa nani". Kama ulizaliwa Tanzania miaka ya themanini, au hata ya tisini mwanzoni, unaikumbuka klorokwini. Uchungu wake ulikuwa hauondoki mdomoni hata kwa sukari. Lakini uchungu ulikuwa nusu ya adhabu. Nusu ya pili ilikuja usiku: kuwashwa. Kuwashwa nyayo, viganja, kichwa, hadi unajikuna kwa kitana. Mama yangu alikuwa akinikanda kwa kitambaa cha maji baridi na kuniambia nivumilie, ndiyo dawa inafanya kazi. Nilikuja kusoma ukubwani kwamba kuwashwa huko huwapata zaidi watu weusi wa Afrika, na kwamba ni kwa nadra kuliko hivyo kwa wengine. Tanzania iliiacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Si kwa sababu sisi tulikuwa tunajikuna. Kwenye hesabu ya waliokuwa wanahesabu, kujikuna kwetu kulikuwa na maksi ndogo mno.

Kuwashwa hakuui. Kuna lililo zito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitengenezwa dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, mahsusi kwa ajili ya Afrika, ikiwa rahisi, kwa nia njema kabisa. Mwaka 2008 ikaondolewa. Majaribio zaidi yalikuwa yameonyesha kwamba ilishusha damu kwa hatari kwa wagonjwa wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo umeenea zaidi kwenye nchi zenye malaria, kwa sababu unampa mwenye nao kinga kidogo dhidi ya malaria. Yaani mwili uliojikinga kwa vizazi na ugonjwa ndio uliodhurika kwa dawa ya ugonjwa huo. Dawa kwa jirani, sumu kwako, chumba kimoja, siku moja.

Basi kompyuta inapopunguza maksi kwa ajili ya sumu, imepima mwili wa nani? Kama daftari lake limejaa taarifa za watu wa Ulaya na Marekani, alama ya kutoa itafanya kazi kwao vizuri na kwetu kwa kubahatisha. Hapo hakuna mtu mwovu aliyegeuza kitu. Alama iko sahihi, mwili uliopimiwa ndio si wako. Kwa sababu hii kazi ya akina Kelly Chibale ina uzito kuliko vichwa vya habari vinavyoonyesha. Chibale, mzaliwa wa Zambia, alianzisha mwaka 2010 kituo cha H3D katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na kituo hicho hutafuta dawa za malaria na kifua kikuu. Mwaka 2023 watafiti wa H3D na wenzao wa shirika la Ersilia walieleza jinsi walivyojenga kompyuta za kuchuja molekuli kwa kutumia data ya kituo chenyewe. Wanaandika daftari lao. Wanaweka alama wenyewe.

Halafu kuna jambo la tatu, ambalo naliona baya kwa namna yake: kutotafuta kabisa. Baada ya Atoxyl, malale yalikuja kutibiwa kwa melarsoprol, arseniki nyingine, kuanzia 1949. Iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliotibiwa, nayo iliendelea kutumika hadi karne hii, kwa kuwa aliyekuwa na malale ya hatua ya pili angekufa hata hivyo. Katikati ya hapo ilipatikana eflornithine, salama zaidi, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1990. Miaka michache tu baadaye utengenezaji wake kwa ajili ya malale ukasimama. Wagonjwa wake walikuwa wanakijiji wa Congo, Sudan na Uganda, na hawakuwa soko. Kilichoirudisha ni nini? Iligundulika kwamba ikitiwa kwenye krimu inapunguza nywele zinazoota usoni mwa wanawake. Krimu ikaingia sokoni Marekani mwaka 2000, kelele zikapigwa na mashirika ya madaktari, na mwaka 2001 makubaliano na Shirika la Afya Duniani yakairudisha kwa wagonjwa wa malale.

Na fexinidazole, vidonge vilivyoidhinishwa Congo mwaka 2018 kutibu malale bila sindano hata moja? Hiyo haikutungwa na mashine. Ilikuwa imeshatengenezwa na kuachwa miaka ya themanini. Mwaka 2005 shirika la DNDi, katika kupekua kemikali za zamani zilizotelekezwa, likaikuta. Dawa ilikuwepo. Ilikuwa kabatini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kabati la mwenye shibe halifunguki lenyewe.

Naisikia hoja ya msomaji: unachanganya mambo. Anayetunga sumu ya neva si sawa na asiyetafuta dawa ya malale. Mmoja anataka watu wafe, mwingine hakuwafikiria. Kweli, na sheria inatofautisha hivyo. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali, ulioanza kufanya kazi mwaka 1997, unamkamata wa kwanza. Hakuna mkataba unaomkamata wa pili. Hata mimi, kama ningekuwa hakimu, ningewapa hukumu tofauti. Ninachosema ni kwamba matendo yao yanatokea mahali pamoja: kwenye kuamua mashine itafute nini. Mmoja ameandika kujumlisha palipostahili kutoa. Mwingine hakuandika kitu, na sifuri yake ikaonekana kama haimhusu mtu. Ukiwa mgonjwa wa Congo mwaka 1996, sifuri hiyo ilikuhusu.

Na hawa wawili wanadaiwa na mtu yuleyule. Kama data ni kumbukumbu ya walioumia, basi wale waliopofuka Ssese wanadai kitu. Kuigeuza kumbukumbu yao iwe silaha ni kuwasaliti. Kuitumia kutengeneza dawa za soko lenye fedha peke yake, na kuwaacha wajukuu wao wakisubiri krimu ya urembo iwaokoe, ni kuwasaliti pia. Deni halifutwi kwa kutofanya ubaya. Mdaiwa anayekaa kimya bado anadaiwa.

Nafanya kazi ya habari, na habari za utafiti wa aina hii hutufikia kwa Kiingereza, zikihitaji kichwa cha maneno manne au matano. "Akili mnemba yagundua dawa." Kichwa kizuri, kinavutia, kinaingia kwenye nafasi. Lakini kitenzi kimepewa mtenda asiyestahili. Kiswahili kinatutaka tutaje mtenda ndani ya kitenzi chenyewe, na ile "ya-" ya "yagundua" inawameza watu wote: aliyeandika maksi, aliyetoa fedha, aliyetoa damu ya kupimwa, panya wote. Mambo yakiharibika, mtenda wetu atakuwa tayari: kompyuta ilikosea.

Wale wa MIT waliipa halicin jina kutokana na HAL, kompyuta ya filamu 2001: A Space Odyssey, ile inayowaua wanaanga waliomo chomboni mwake. Ni utani wa maabara, lakini walioisoma hadithi ya Arthur C. Clarke wanajua kwamba HAL hakuwachukia watu wale. Alipewa maagizo yanayopingana: awatumikie kwa ukweli, na awafiche lengo la safari yao. Kilichowaua ni maagizo. Miaka zaidi ya mia imepita kutoka sumu iliyoitwa isiyo na sumu hadi dawa iliyopewa jina la muuaji. Pengine tumepiga hatua. Angalau jina la pili linatukumbusha kuwa macho.

Wala hatuna nafasi ya kuogopa tu. Mwaka 2023 malaria iliua watu wanaokadiriwa kuwa 597,000 duniani, na takriban 95 kati ya kila 100 walikuwa wa Afrika, wengi wao watoto wadogo. Vimelea vyenye usugu kwa artemisinini, nguzo ya dawa mseto tunazozitumia sasa, vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Klorokwini ilikwenda hivyohivyo. Tunahitaji molekuli mpya, na tunazihitaji kabla ya zilizopo kuchoka, na kompyuta ni njia mojawapo ya kuzifikia mapema. Anayesema mashine hizi zizimwe kwa sababu zinaweza kutunga VX amuulize kwanza mzazi wa Karagwe.

Ninachodai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Kila anayekaa mbele ya mashine hizi, awe Raleigh, Cape Town au Dar es Salaam, aweze kusema kwa sauti, mbele ya watu, ameiambia nini ni kizuri, nini ni kibaya, na mwili gani ameutumia kupimia. Nasi tulio nje ya maabara tuulize hivyo, kwenye magazeti, bungeni, kwenye kamati za maadili zinazoidhinisha tafiti hizi. Ekins na wenzake waliulizwa swali hilo mara moja, na Waswisi, wakiwa wameshafanya kazi miaka mingi. Jibu liliwatisha hata wao. Wengi wanaotafuta dawa kwa kompyuta leo hawajaulizwa bado.